Jinsi ya kuteremsha prednisoloni na kupanga mlo ukiwa na baridi yabisi

Watu wanaoanza kutibiwa baridi yabisi ya kingamwili, yaani ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili wenyewe, huuliza maswali yale yale. Vidonge hivi nitaviacha lini? Mbona uso umevimba? Nikiacha nyama na sukari, nitaweza kuachana na dawa? Na kwa nini nilipopunguza nusu kidonge mwili mzima uliniuma? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maswali hayo. Unamhusu mtu mzima ambaye ugonjwa wake umethibitishwa na daktari, ambaye amemeza prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe) kila siku kwa zaidi ya wiki tatu au nne, na ambaye daktari wake amekubali kwamba wakati wa kupunguza umefika. Mwenye lupasi (ugonjwa mwingine wa kingamwili) au vidonda vya utumbo mpana ataona mengi yanayomfaa, lakini kasi ya kupunguza katika magonjwa hayo ina mambo yake, hasa pale lupasi inapokuwa imegusa figo, kwa hiyo asiichukue ratiba ya humu ikawa yake.

Kabla ya jambo lolote, elewa mpangilio wa kazi hii, kwa sababu wengi huugeuza. Kinachoruhusu prednisoloni ipungue ni dawa nyingine inayoutuliza ugonjwa wenyewe, wala si mlo. Kazi ya mlo ni kulinda mifupa, misuli, presha na sukari muda wote ambao steroidi zimo mwilini, ili siku utakapomaliza vidonge usijikute umebaki na kisukari au mfupa uliovunjika. Anayebadili mlo kisha akaacha dawa kwa kujisikia vizuri, mara nyingi anasifu mboga kwa kazi iliyofanywa na methotreksati, mojawapo ya dawa hizo za kutuliza ugonjwa.

Kwa nini vidonge hivi haviachwi ghafla

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali, inayotengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kushikilia presha na sukari na kustahimili homa, jeraha au upasuaji. Kiasi cha kotisoli kinachotengenezwa kwa siku kinalingana na takriban miligramu 4 hadi 6 za prednisoloni. Ukimeza zaidi ya hapo kwa wiki kadhaa, ubongo huona homoni ni tele, huacha kuiamuru tezi, na tezi hulala. Kuamka kwake huchukua wiki au miezi, na kwa baadhi ya watu zaidi ya mwaka. Ukiacha ghafla, mwili unabaki bila kotisoli ya kidonge na bila ya kwake, na hali hiyo inaweza kuua.

Hamu ya kuendelea kumeza nayo inaeleweka. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni, steroidi ya jamii moja na prednisoloni, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa akiteseka kujongea, na baada ya siku chache akatembea bila taabu. Ugunduzi huo ulichangia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950, na haukupita muda mrefu madhara ya dozi kubwa yakaanza kuonekana kwa wagonjwa wale wale waliokuwa wameshangilia.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Ratiba iliyoandikwa na daktari, yenye tarehe na miligramu. Maneno ya "punguza taratibu" hayatoshi, omba uandikiwe.
- Vidonge vya kukutosha kwa wiki mbili zaidi ya ratiba. Vinavyopatikana kwa urahisi katika maduka mengi ya dawa ni vya miligramu 5, kwa hiyo ulizia mapema kama vya miligramu 1 vinaweza kuagizwa. Vidonge vyenye ganda la kulinda tumbo havikatwi. Visivyo na ganda na vyenye mstari katikati hukatika vizuri.
- Majibu ya vipimo vya mwanzo: ESR au CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha ukali wa uvimbe mwilini), wingi wa damu, ini, figo, sukari, presha na uzito.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za asili, za kupaka na za kunenepesha. Usifiche hata moja.
- Daftari la kuandika kila siku dozi, maumivu, muda ambao viungo hukakamaa asubuhi, na presha ukiweza kuipima.
- Karatasi ya kukaa kwenye pochi yenye jina la ugonjwa, dozi ya sasa, na maneno haya: "Natumia steroidi kwa muda mrefu, zisikatishwe ghafla."
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua ratiba na dalili za hatari.

Hatua ya 1: Hakikisha dawa ya msingi imeshika

Dawa za msingi za baridi yabisi, kama methotreksati, salfasalazini na haidroksiklorokwini, hazifanyi kazi siku ile ile. Methotreksati huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu yake, na haidroksiklorokwini inaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Prednisoloni hupewa kuziba pengo hilo. Ukianza kuiteremsha kabla dawa ya msingi haijashika, au ikiwa hujapewa dawa ya msingi kabisa, maumivu yatarudi na utapandisha dozi tena. Mgonjwa anayekaa mwaka mzima na prednisoloni peke yake, akiinunua dukani kila inapoisha, bado hajaanza kutibiwa. Huyo aanzie kwa daktari wa magonjwa ya viungo, au daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa.

Onyo: methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, katika siku uliyoichagua, pamoja na vidonge vya foliki kama utakavyoelekezwa. Kuimeza kila siku kwa kuidhania kuwa ni prednisoloni ni kosa linaloua. Andika jina la siku juu ya pakiti yake, na uiweke mbali na vidonge vya kila siku. Dawa hii haitumiki katika ujauzito, na pombe huongeza uwezekano wa kuharibu ini.

Hatua ya 2: Tafuta maambukizi yaliyojificha

Steroidi huudhoofisha ulinzi wa mwili na papo hapo hufunika homa, kwa hiyo ugonjwa unaweza kukua bila kelele. Katika nchi zetu mambo matatu huhitaji kuulizwa. La kwanza ni kifua kikuu: mwambie daktari kama umewahi kuugua, kama kuna mtu nyumbani anayetibiwa, au kama una kikohozi kilichozidi wiki mbili, jasho la usiku au kupungua uzito. La pili ni homa ya ini aina ya B, ambayo inaweza kuamka chini ya dawa hizi. La tatu husahaulika mno, nalo ni minyoo aina ya strongiloidesi, ambayo huingia kupitia ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo na kuishi mwilini miaka mingi bila dalili kubwa. Mtu mwenye minyoo hiyo akipewa steroidi nyingi, inaweza kuzaana na kusambaa hadi kwenye mapafu na damu. Dawa yake nzuri ni ivamektini. Albendazoli ya kawaida haina nguvu sawa dhidi yake. Ikiwa umelima au kutembea pekupeku miaka mingi, litaje jambo hilo mwenyewe.

Hatua ya 3: Kagua dawa zinazogongana

Rifampisini iliyomo katika dawa za kifua kikuu huharakisha kuondoka kwa prednisoloni mwilini, hata dozi ile ile ikawa kama imepungua sana. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, hufanya vivyo hivyo. Ritonaviri, inayotumika katika baadhi ya mipango ya dawa za VVU, hufanya kinyume chake na kuzidisha nguvu ya steroidi. Lolote kati ya haya likianza au likiisha katikati ya ratiba, ratiba ipitiwe upya.

Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa pamoja na prednisoloni huongeza sana hatari ya vidonda vya tumbo na kutoka damu. Ni kishawishi kikubwa, kwa sababu dozi inaposhuka maumivu kidogo hurudi na diklofenaki ipo kila duka. Anza na parasetamoli, na nyingine ziruhusiwe na daktari.

Zipo pia steroidi zinazoingia bila mwenyewe kujua. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani huwa na deksamethasoni, na miligramu 0.75 tu ya deksamethasoni ni sawa na miligramu 5 za prednisoloni. Krimu kali za kujichubua nazo hupenya ngozi na kuilaza tezi. Unga wa "dawa ya asili ya viungo" unaoondoa maumivu yote kwa siku mbili utiliwe shaka kwa sababu hiyo hiyo. Mizizi haina tabia ya kufanya kazi kwa kasi ya steroidi.

Hatua ya 4: Badili mlo kwanza, kidonge baadaye

Anza mabadiliko ya mlo wiki mbili hadi nne kabla ya kushusha dozi ya kwanza. Ukibadili mlo na dozi siku moja, hutajua kilichokufanya ujisikie vibaya au vizuri.

*Chumvi.* Steroidi huufanya mwili ushike maji na chumvi, na hapo ndipo uvimbe wa miguu na presha hutokea. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ikihesabiwa yote iliyomo kwenye chakula. Chumvi ya mezani ni rahisi kuiacha. Ngumu ni ile isiyoonekana, iliyomo katika vidonge vya mchuzi, viungo vya pakiti, achari, soseji, chipsi za barabarani na ng'onda. Dagaa nao hutofautiana: wale wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa juani bila chumvi, ilhali wa Zanzibar huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo hao waroweke katika maji ya moto na uyamwage kabla ya kupika. Ladha itafute kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, giligilani na pilipili.

*Sukari na wanga.* Ukimeza prednisoloni asubuhi, sukari hupanda zaidi alasiri na jioni, na kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kutoka safi kikakudanganya. Pima saa mbili baada ya chakula cha mchana. Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo iwe ugali, wali, ndizi au mihogo, na robo iwe maharage, samaki, kuku au mayai. Dona ni bora kuliko sembe. Soda ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, kwa hiyo hiyo iache kabisa, na chai uipunguzie sukari kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Maandazi na chapati za kila asubuhi zibadilishe kwa viazi vitamu vya kuchemsha au uji wa ulezi usiojaa sukari.

*Mifupa.* Hapa ndipo wagonjwa wengi hupoteza bila kujua, kwa sababu mfupa haulalamiki mpaka uvunjike, na upotevu mkubwa hutokea katika miezi ya mwanzo ya kumeza steroidi. Lenga miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 ina takriban miligramu 300; gramu 100 za unga wa ulezi zina zaidi ya 300, ingawa sehemu yake hufungwa na viini vya nafaka, na kuuloweka au kuuchachusha uji huiachilia kidogo. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina. Katika mboga, sukuma wiki hutoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri kuliko mchicha, kwa sababu mchicha una oksaleti nyingi zinazoishika kalsiamu isiingie mwilini. Mchicha uendelee kuliwa kwa faida zake nyingine, lakini usiuhesabu hapa. Vitamini D hutokana zaidi na jua kuliko chakula, na anayeshinda ofisini au anayejifunika mwili wote aombe vidonge vyake. Anayetarajia kumeza steroidi kwa miezi mitatu au zaidi amuulize daktari kuhusu dawa ya kulinda mifupa.

*Misuli na potasiamu.* Steroidi hula misuli ya mapaja na mabega, utaiona shida hiyo unaponyanyuka kutoka kwenye kigoda au jamvi. Kila mlo uwe na protini: maharage, kunde, choroko, dengu, mayai, samaki. Tembea kila siku, na unyanyuke na kukaa kitini mara kumi, asubuhi na jioni, viungo vikiruhusu. Ndizi, parachichi, maharage na maji ya dafu hurudisha potasiamu ambayo steroidi huitoa, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza dawa za presha kama enalaprili, losartani au spironolaktoni. Huyo aulize kwanza, maana kwake potasiamu inaweza kuzidi.

*Vyakula vinavyotajwa kutibu.* Samaki wenye mafuta, kama dagaa na vibua, wana mafuta ya omega-3 yanayoweza kupunguza maumivu kwa kiasi kidogo, na kuwala mara mbili au tatu kwa wiki ni jambo jema. Manjano na tangawizi katika mchuzi ni sawa. Kunywa vijiko vya unga wake kila siku si sawa kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Hakuna sababu ya kila mgonjwa kuacha ngano, nyanya au nyama. Ikiwa unashuku chakula fulani, kiache wiki tatu huku dozi ikiwa haibadiliki, kisha kirudishe, na daftari liamue.

Onyo: maziwa yachemshwe na kachumbari ioshwe kwa maji salama. Kinga yako sasa ni ndogo kuliko ya wenzako mnaokula sahani moja.

Hatua ya 5: Panga saa ya kumeza

Meza dozi nzima mara moja, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, baada ya kula, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Muda huo hufuata kawaida ya mwili, ambao hutoa kotisoli nyingi alfajiri. Ukimeza jioni utakosa usingizi, na tezi itazidi kulala.

Kwa anayefunga Ramadhani, prednisoloni ya mara moja kwa siku inaweza kumezwa wakati wa daku, lakini funga yenyewe iamuliwe na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa kama dozi imeshuka karibu na miligramu 5 na tezi haijapimwa. Katika mwezi huo usishuke ngazi yoyote. Ukipata kizunguzungu, kichefuchefu au kutetemeka, fungua. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Hatua ya 6: Shuka ngazi kwa ngazi

Ratiba halisi ni ya daktari wako. Ifuatayo ni sura ya kawaida, ili uitambue utakapoandikiwa.

1. Juu ya miligramu 20 kwa siku: hupunguzwa miligramu 5 hadi 10 kila wiki moja au mbili.
2. Kutoka 20 hadi 10: hupunguzwa miligramu 2.5 kila wiki mbili hivi.
3. Kutoka 10 hadi 5: miligramu 1 kila wiki nne, au 2.5 kwa muda mrefu zaidi.
4. Chini ya 5: miligramu 1 kila wiki nne, au polepole kuliko hapo.

Ikiwa kuna vidonge vya miligramu 5 tu, madaktari wengi hutumia njia ya kupishana. Kwa mfano, anayetoka 10 kwenda 7.5 humeza kidonge kimoja na nusu leo, viwili kesho, na kuendelea hivyo kwa wiki mbili, kisha hubaki na kimoja na nusu kila siku kwa wiki mbili nyingine. Wastani hushuka kwa 1.25 badala ya 2.5, na mwili huhisi tofauti ndogo. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani, kwani kupishana bila kuandika huishia kwenye kubahatisha.

Usishuke ngazi ukiwa na homa, wiki ya msiba au harusi, wiki ya safari ndefu, au wiki ile ile unayobadilishiwa dawa ya msingi. Kusubiri siku kumi hakupotezi chochote. Na usiruke ngazi kwa sababu umejisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndicho kipimo cha kuteremka ngazi inayofuata kwa tarehe yake.

Hatua ya 7: Punguza mwendo chini ya miligramu 5

Mpaka hapa kidonge kilikuwa kinatoa homoni zaidi ya mahitaji ya mwili. Kuanzia hapa kinatoa pungufu, na tezi inatakiwa izibe pengo. Ndiyo maana mtu anaweza kushuka kutoka 30 hadi 5 bila shida, kisha akalemewa na uchovu alipotoka 5 kwenda 4.

Penye maabara inayopima kotisoli, daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu karibu saa mbili asubuhi, kabla hujameza kidonge cha siku hiyo, angalau saa 24 zikiwa zimepita tangu dozi ya mwisho. Majibu yakizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi imeamka na dawa inaweza kuachwa. Yakiwa chini ya 150, bado imelala na unaendelea na dozi ndogo kwa miezi kadhaa kabla ya kurudia. Yakiwa katikati, unasubiri na kupima tena. Pasipo na kipimo hicho, kushuka polepole na kuziangalia dalili ndiyo njia iliyobaki, nayo ni salama ukiwa mvumilivu.

Hatua ya 8: Jua la kufanya siku ya kuugua

Mwili wenye afya huongeza kotisoli ukipata malaria, nimonia au upasuaji. Wako hauwezi, kwa hiyo huongezewa kwa kidonge. Madaktari wengi humwelekeza mtu anayemeza chini ya miligramu 10 apandishe hadi 10 kwa siku, 5 asubuhi na 5 jioni, muda wote wa homa, kisha arudi kwenye dozi yake homa inapokwisha. Omba maelekezo hayo yaandikwe kwa ajili yako kabla hujaugua. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na hata joto dogo lisidharauliwe, kwa kuwa steroidi huizuia homa isipande.

Ukitapika kidonge ndani ya muda mfupi, kirudie. Ukitapika tena, au ukiharisha sana, nenda hospitali ukatundikiwe maji na kudungwa haidrokotisoni, steroidi ya sindano, ambayo kwa mtu mzima huanza na miligramu 100. Waonyeshe karatasi ya kwenye pochi. Kabla ya kung'olewa jino, kufanyiwa upasuaji au kujifungua, mtoa huduma ajue. Chanjo zenye virusi hai, ikiwemo ya homa ya manjano, hazitolewi kwa anayemeza miligramu 20 au zaidi kwa wiki mbili na kuendelea, kwa hiyo anayepanga safari aulize mapema.

Hatua ya 9: Baada ya kidonge cha mwisho

Endelea kubeba karatasi hiyo kwa mwaka mmoja hivi, na umtajie kila daktari kwamba uliwahi kumeza steroidi. Mlo wa mifupa uendelee, dawa ya msingi iendelee, na macho yapimwe, kwa sababu mtoto wa jicho na presha ya macho vinaweza kuwa vimeanza kimyakimya. Uso na tumbo hupungua vyenyewe katika miezi inayofuata.

Matatizo na namna ya kuyashughulikia

*Mwili unauma baada ya kushusha dozi, ugonjwa umerudi?* Angalia viungo vyenyewe. Maumivu ya kupungukiwa steroidi huanza siku chache baada ya kushuka, huenea kwenye misuli na mwili mzima, huja na uchovu na huzuni, viungo haviwi na uvimbe, na hupungua katika wiki moja au mbili. Ugonjwa ukiamka, viungo vile vile vya zamani huvimba na kuwa na joto, ukakamavu wa asubuhi hupita saa moja, na hali huzidi badala ya kutulia. La kwanza livumilie kwa parasetamoli na kupumzika. La pili mpigie daktari, ambaye huenda akakurudisha ngazi ya mwisho uliyokuwa salama na kuiangalia dawa ya msingi. Kurudi mwanzo kabisa huwa si lazima.

*Njaa haiishi.* Inaletwa na dawa, wala si ulafi. Kula kwa saa maalumu, anza na mboga na maharage, na uwe na karanga chache zisizo na chumvi, tango au mtindi karibu. Njaa hupungua kadiri dozi inavyoshuka.

*Miguu imevimba ingawa nimepunguza chumvi.* Pima presha na mkojo. Uvimbe wa ghafla, kukosa pumzi ukilala, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ni mambo ya hospitali siku hiyo hiyo.

*Kiu, kukojoa mara kwa mara, macho kuona ukungu.* Pima sukari alasiri. Ikizidi milimoli 11 kwa lita, mwone daktari, hata kama ya asubuhi ni nzuri.

*Tumbo linawaka.* Hakikisha unameza baada ya kula na kwamba hakuna diklofenaki imejipenyeza. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu, ni dharura.

*Nimesahau dozi.* Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na ya kesho bila kuongeza maradufu.

*Vidonge vimeisha na duka halina.* Usikae siku ya pili bila dawa. Nenda kituo cha afya na karatasi yako. Prednisoloni inaweza kubadilishwa kwa steroidi nyingine kwa vipimo vinavyolingana, kazi ambayo daktari au mfamasia huifanya kwa dakika chache. Usibadilishe mwenyewe kidonge kwa kidonge, kwani nguvu zao hazilingani.

*Kizunguzungu nikisimama, kichefuchefu, tumbo kuuma, udhaifu usio wa kawaida.* Hizi zikija pamoja, hasa chini ya miligramu 5, wakati wa homa au baada ya kuacha dawa, zichukulie kuwa tezi imeshindwa. Meza dozi ya siku ya kuugua uliyoandikiwa, na uende hospitali huku mtu akikusindikiza. Aliyezimia au kuchanganyikiwa asilazimishwe kumeza kitu. Apelekwe mara moja, na wa nyumbani aseme neno "steroidi" mapokezini kabla ya neno lingine lolote.